Kipimajoto Kisichotikiswa

Siku tuliyofungasha vipimajoto vya kioo kupisha vipya vya betri, Mama Agnella alinuna tangu asubuhi. Ana miaka thelathini ya uuguzi katika zahanati yetu ya Michenga, na vile vya kioo, vya kutikisa zebaki ishuke kabla ya kupima, alivizoea kama mwiko wake wa ugali.

Nilivifunga mimi, pamba juu, pamba chini, ndani ya kopo la kurudishwa wilayani. Sikumbembeleza. Masika iliyopita kimoja kilivunjika, zebaki, sumu ile, ikatawanyika sakafuni, tukaifagilia kwenye shimo la taka kama pumba. Mafuriko yakaja, shimo likafurika, maji yakaelekea kwenye mpunga na kambale tunaowala. Mpaka leo nikila kambale nalikumbuka lile shimo, na naona aibu.

Mchana akaingia Leticia, mke wa mvuvi, na binti yake Merina mgongoni. Mtoto alikuwa anawaka. Nikamwekea kipimajoto kipya kwapani, kikalia pii. Thelathini na tisa na nusu.

"Apimwe malaria," nikasema.

Leticia akakitazama kile kiplastiki. "Nesi, hujakitikisa."

"Hiki hakitikiswi."

"Basi hakijapima." Akaanza kumfunga mtoto mgongoni. "Ni joto la jua tu hili. Nitamkanda maji nyumbani."

Mimi nina hasira za karibu. Nilitaka kumfokea, na hapohapo nilimwogopea mtoto: hadi kwao ni mwendo wa saa mbili, na malaria haingoji mtu.

Mama Agnella akanyanyuka, bado amenuna. Akakipangusa kipimajoto kwa spiriti, akarudi hatua moja, akakitikisa, pa, pa, pa, kama alivyomtikisia Leticia mwenyewe alipokuwa mchanga. Akakiweka kwapani. Pii. Thelathini na tisa na nusu ileile.

"Haya, sasa sawa," Leticia akasema, akakaa.

Malaria ilikuwepo. Merina alimeza dawa, hakutapika, na kufika saa kumi alikuwa ananyonya. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Mama Agnella alilibeba lile kopo mwenyewe hadi kwenye gari la wilaya.

Wiki hii alikuja mkaguzi, akanikuta na kipimajoto mkononi.

"Nesi, hicho si cha kutikisa."

"Najua," nikamjibu, nikaendelea kutikisa. Leticia alikuwa kwenye benchi, amempakata Merina, anauangalia mkono wangu.