Bakuli la Woza

Kila saa kumi alasiri, Klemans alipomimina maji ya moto kwenye chujio la kahawa, marehemu mumewe Anol aliingia kwa mlango wa uani na kukaa kwenye kiti chake. Alikufa kijana, uso umejaa madoa ya zambarau ya saratani, kabla dawa za virusi vya UKIMWI hazijafika mji wao wa Jakmel. Dawa zilimkuta Klemans yu hai, akazeeka nazo. Anol hakuzeeka, na jambo hilo lilimuuma.

"Una mvi mpaka kwenye nyusi," alisema kila mara. "Wenzetu mnafaidi."

Kahawa aliinywea kikombe chake cha bati, kile ambacho mama yake mzazi alikitundika msumarini nje, kisichanganyike na vyombo vya watu. Majirani wa mtaa huu mpya, alikohamia Klemans akiwa mjane, waliambiwa madoa ya Anol ni ya moto.

Mwaka huu Klemans alikohoa miezi. Kliniki walimpima virusi, wakampongeza kwamba havionekani tena kwenye damu, wakamrudisha nyumbani. Mapafu nani ayaulize? Walipoyauliza, saratani ilikuwa imeshajenga na kuezeka.

Majirani wakamiminika. Woza, wa nyumba ya pili, alileta supu ya boga katika bakuli lake la kauri, lile la harusi.

Anol alilitazama bakuli mpaka madoa yake yakakoza.

"Yangu saratani, yako saratani. Mimi hata mbwa wa mama alinikimbia. Wewe kauri!"

"Wivu mpaka kwenye ugonjwa, Anol?"

"Ninao, tena mwingi! Umenizidi miaka, sasa unizidi na supu? Waambie ni virusi vilivyotuanza sote. Waambie madoa haya si ya moto."

Klemans alikuwa amechoka kuficha. Kesho yake Woza alipofuata chombo chake, alimwambia yote. Woza akasikiliza, akalia kidogo.

"Pole, shoga yangu. Mungu yupo."

Akamuaga Anol kwa adabu, kama marehemu anavyostahili. Bakuli akaliacha mezani.

Supu iliendelea kuja, maana Woza si mtu mbaya. Ila sasa ilikuja kwenye kopo la majarini, ikawekwa kizingitini.

"Kopo usirudishe, mama!" alipaza sauti kutoka barabarani.

Anol alisikia. Alikuwa ameungoja ushindi huo miaka yote, na sasa hakuufurahia. Klemans akaimimina supu katika bakuli la kauri na kumsogezea.

Ndilo Anol analolia supu mpaka leo. Hakuna aliyekuja kulidai.