Kilo Sita za Ziwa Muhazi

Mizani ya muuza viazi pale soko la Kimironko ilisoma mkoba wangu kilo sita na nusu, nikakasirika. Kayaki, ule mtumbwi mwembamba tuliokodi mimi na mwenzangu kwa safari ya Ziwa Muhazi, ilitaka mkoba usiozidi kilo sita.

Nilirudi nyumbani Batsinda nikaanza kupunguza. Taulo nikaiacha, nikachukua leso. Mswaki nikaukata mpini. Machela ya kufunga mitini, aliyonishonea fundi wa sokoni, niliikunja hadi ikaenea kiganjani. Nikarudi kwenye mizani ya viazi: kilo sita kamili! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa barabarani, nikampigia Dominic, mwenzangu wa safari.

“Uko wapi? Mbona hakuna hata pikipiki?”

“Nasimiyu, leo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda! Mpaka saa tano watu wote wako kwenye kazi ya mtaa.”

Miaka minne Kigali, na bado nasahau! Kabla sijaondoka pale, jirani yangu Kayitesi alishaniona. Akautazama mkoba, akacheka, akanipa jembe.

Lilikuwa zito kuliko vyote nilivyopunguza. Nikauchimba mtaro wa maji wa mtaa wetu kana kwamba Muhazi iko mwisho wake.