Ushahidi wa Waliozama

Asubuhi ya kura, Mnesifilo alikuwa akichovya mkate wa shayiri katika divai, mwanawe Antidoro alipoingia akichuruzika maji ya bahari. Antidoro alikuwa mpiga makasia, na alikuwa amezama akafa mwezi uliopita katika vita vya majini, yeye na wenzake wote wa merikebu. Mama yake, Hedila, alimtandikia gunia asiloweshe sakafu.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Sina nafasi, mama. Leo wanamhukumu jemadari Leagoro kwa kutuacha majini, na yeye hakutuacha. Alituma mashua, dhoruba ikazirudisha. Baba, nipeleke Barazani nikaseme."

Mnesifilo akaishiwa hamu ya kula. Athene nzima ilikuwa ikidai damu ya Leagoro, kwa kuwa maiti hazikuletwa zikazikwa. Juzi mtu mmoja alimtetea sokoni, akarudishwa kwake amebebwa.

Wakapanda kilima cha Baraza. Waliozama wengine walikwisha kuketi, na wenye nguo kavu walikuwa wakijisogeza wasilowe. Mpiga mbiu alipouliza nani anataka kusema, Antidoro alisimama, akaeleza upepo, mawimbi na zile mashua. Alieleza vizuri. Leagoro, mikono imefungwa, aliinamisha kichwa akalia.

Msemaji mmoja akajibu kwa upole. "Ndugu zangu, marehemu wetu tunawapenda, ndiyo maana tuko hapa. Lakini maiti si raia tena, na asiye raia hana sauti kilimani hapa."

"Kaa chini, kijana!" watu wakapiga kelele. "Sisi tunakulilia, wewe unamtetea!"

Antidoro akaketi.

Mitungi miwili ikawekwa peupe, wa mbele wa kifo, wa nyuma wa kuachiwa. Mnesifilo alijipanga mstarini, kokoto lake la kura kiganjani. Jirani yake Timokare akamnong'oneza kisogoni, "Mzee, wewe ndiye mfiwa. Macho yote kwako."

Antidoro naye alikuwa akimtazama.

Mnesifilo alitumbukiza kokoto katika mtungi wa mbele. Lilitoa sauti ndogo tu, kwani mtungi ulikuwa karibu kujaa.

Jioni Leagoro alinyweshwa sumu. Nyumbani, Hedila alikuwa akikamua joho la mwanawe.

"Umeweka wapi?" alimwuliza mumewe.

"Walikoweka watu."

Hedila aliendelea kukamua, kwa nguvu zaidi. Kisha Antidoro akalichukua joho lake, akajitanda, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi tena, mwanangu?" Mnesifilo aliuliza.

"Gerezani, kumpokea jemadari. Njia ya wafu haijui."

Aliondoka bila kumuaga baba yake. Huko nje mpiga mbiu alikuwa akipita mtaani, akitangaza kwamba kesho kuna Baraza tena, la kuchagua jemadari mwingine. Majina ya waliopendekezwa hayakusikika sawasawa, kwa hiyo Mnesifilo akatoka kizingitini, akatega sikio.