Kidonge Kilichomlaza Fundi Baharini

Fundi cherehani hakuwahi kushindwa na kitambaa, lakini bahari ilikuwa ikimpindua tumbo kila alipoingia. Aliyemwambukiza tamaa ya kuvua kwa kayaki ni wifi yake, dada wa mumewe. Jumapili asubuhi walitoka pamoja, kila mmoja na kayaki yake. Wifi alirudi na samaki. Fundi alirudi na uso uliosawijika, chai yote ya asubuhi ameiacha majini.

"Samaki wa huku wananenepa kwa ajili yako, wifi yangu," dada wa mume alimtania.

"Cheka tu. Mimi sitoki."

Akanunua vidonge vya kuzuia kichefuchefu. Jumapili iliyofuata alikumbuka kumeza kayaki ikiwa tayari inaelea, na kwa pupa akaongeza cha pili. Tumbo lilitulia kweli. Shida ni kwamba na yeye mwenyewe alitulia. Kidevu kikashuka kifuani, fimbo ya kuvulia ikalegea mkononi, akalala fofofo huku mkondo ukimsogeza taratibu kuelekea kwenye mawe. Alizinduka kwa kishindo cha kasia likigonga kayaki yake.

"Weee! Unataka nikamwambie nini kaka yangu?"

Wifi alikuwa akihema, utani wote umemtoka. Alimfunga kamba akamvuta hadi ufukweni. Fundi akakaa mchangani. Jaketi la kuokolea maisha alikuwa nalo mwilini, lakini jaketi halipigi kasia.

Kesho yake alikwenda kwa mfamasia, mama mmoja mwenye miwani asiyependa maneno mengi.

"Umemeza viwili, tena umechelewa," mfamasia alimwambia. "Na aina hii inalaza watu. Chukua hii nyingine, usingizi wake ni mwepesi. Lakini usiende kuijaribia majini. Ijaribu siku ambayo huna safari, na usiguse gari."

"Na cherehani?"

"Hata cherehani."

Basi siku ya kujaribu akaifunika mashine, akakaa mlangoni pa karakana yake. Mdomo ulimkauka, miayo ikamjia, lakini akili haikuondoka. Alipokuwa ametulia hivyo akaanza kujiuliza kichefuchefu huwa kinamshika wakati gani hasa. Akakumbuka: ni pale anapoinama kufunga ndoana. Kazini anainama kutwa nzima, ila meza yake haiyumbi. Jioni hiyo akafunga ndoana zote kwenye nyuzi fupi huko huko nyumbani, akazizungusha kwenye vipande vya kadibodi.

Jumapili alimeza kidonge kimoja mapema, bado yuko jikoni, akala mkate mkavu. Ufukweni akamkazia macho wifi yake.

"Tusiachane mbali. Nikinyamaza, niite. Nisipoitika, njoo."

"Sawa, bosi."

Mawimbi yalikuwa yanavimba. Punde mate yakamjaa mdomoni, akajua kichefuchefu kimekuja. Zamani angeinamisha kichwa akasubiri kufa. Safari hii aliweka fimbo chini, akainua macho hadi kwenye tangi la maji lililokuwa kilimani nyuma ya ufukwe, akayagandisha hapo, akapiga kasia na kuvuta pumzi ndefu. Kichefuchefu kilipanda hadi kooni, kikasita, kikashuka.

"Wifi! Upo?"

"Nipo! Tena nina njaa!"

Alipachika ndoana kwenye mshipi kwa kupapasa, kama anavyotunga uzi sindanoni akizungumza na mteja, macho yakiwa bado kwenye tangi. Haikupita muda fimbo ikapinda. Alivuta, akalegeza, akavuta tena, hadi samaki mnene akapiga mkia mapajani mwake. Alipiga kelele iliyowarusha ndege.

Samaki wengine wakafuata. Kisha ukaja mwayo, na nyuma yake mwayo uliomfumba macho kabisa.

"Wifi, tunarudi."

"Sasa hivi? Wanavyokula hivi?"

"Kope zinanielemea. Waache wale."

Wifi alimtazama mara moja, akakunja mshipi wake. Walirudi ubavu kwa ubavu, wakiongea njia nzima habari za bibi harusi mmoja aliyebadilisha mtindo wa gauni hadi dakika ya mwisho. Kamba ya kuvutia haikufunguliwa.

Fundi aliburuta kayaki yake mwenyewe hadi mchanga mkavu, akajinyoosha kivulini, jaketi chini ya kichwa.

"Jumapili ijayo?" wifi aliuliza.

"Hiyo haina mjadala. Sasa mimi nalala. Wewe anza kupaa samaki."