Mteremko wa Julien

Jumatatu hiyo Julien alipandisha bidoni za maji kutoka Mapendo, kule chini mjini, hadi Munigi huku amekanyaga breki. Breki ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ni kipande cha tairi kinachokaa juu ya gurudumu la nyuma, na siku zote kilichakaa kwa kushuka mjini na viazi. Sasa kilianza kuchakaa kwa kupanda. Mke wake, Masika, alimwona akifika nyumbani goti likiwa juu ya ubao, vumbi nyuma yake, jasho hakuna.

"Leo uko mbio," alisema Masika.

"Barabara inashuka. Nisaidie kushusha bidoni."

Alikuwa ameliomba jambo hilo. Ijumaa, kwenye kikundi cha maombi cha papa Darius pale Mapendo, kila mtu alisimama akataja haja yake. Julien alitaja mgongo wake, akataja ule mlima wa kurudia nyumbani, akaomba barabara imshukie kwenda na kurudi. Watu waliitika amina. Ilikuwa haja ndogo. Aliyemtangulia aliomba viza ya Kanada.

Majirani walizoea upesi. "Mama Masika, bwana yako amekuwa shoferi," walimtania. "Sasa ataota kitambi." Na kweli kitambi kilianza.

Nyuma ya ua wao, ndani ya hema, alikaa mama Perpétue, aliyekimbia vita huko Masisi pamoja na mjukuu wake Vanessa. Kila asubuhi alishuka Mapendo kufulia watu nguo, na jioni alirudi na unga kabla jua halijazama, maana jua likizama wenye bunduki husimama barabarani. Wiki ile alianza kuchelewa. Masika, ambaye huangalia kwanza ndipo aseme, alimwangalia akiondoka: ameinama mbele, mkono mmoja gotini, hatua fupi, kama mtu anayepanda. Na alikuwa anashuka mjini. Masika alimfuata.

"Mama Perpétue, unagonjwa?"

"Hapana, mwanangu. Barabara inapanda."

"Na jioni?"

"Jioni inapandaka vilevile. Nilisema ni uzee. Lakini kiazi nacho ni muzee?"

Alitoa kiazi kwenye beseni, akakiweka mbele ya miguu yake. Kiazi kikabingirika kuelekea Nyiragongo, volkano iliyo juu ya Munigi. Masika alikikimbilia, akakirudisha kwenye beseni.

Hapo akaelewa. Hapa Goma kila mtu anayejenga anajua: ukiondoa mawe ya volkano kwenye kiwanja chako, mawe hayapotei. Lazima uyatupe mahali, na mahali hapo pana mwenyewe.

Wakati wa kula alimwambia mume wake, "Julien, rudisha ule mulima."

"Kwa nani?"

"Kwako. Iko kwa mama Perpétue."

Julien alimega bugali. "Mimi niliomba. Yeye pia aombe, mudomo iko naye."

"Anaombaka kila siku. Afike mbele ya giza."

Julien alitafuna, akafikiri kwa haki. "Basi maombi yake na yangu yalikutana barabarani," alisema, "na yangu ilikuwa na mteremko."

Kesho yake Masika alikwenda kwa papa Darius, akamkuta anapanga viti.

"Papa, mulima ikiondoka kwa mutu, inaendaka wapi?"

"Mungu njo mwenye aliweka milima, mama. Anaweza kuitosha, kuiondoa kabisa."

"Kuitosha, ndiyo. Na kuiweka wapi?"

Papa Darius alisogeza kiti, akakirudisha palepale. "Hiyo si maneno ya kikundi chetu. Hapa tunaomba na kushukuru tu. Sheria za milima ziko kwa mwenye milima."

Siku moja mama Perpétue hakufika. Vanessa alikula na kulala kwa Masika. Asubuhi bibi yake alitokea bila beseni, bila unga, mguu mmoja hauna kiatu. Wenye bunduki walikuwa wamesimama barabarani. Aliazima beseni la Masika, akainama, akaanza kupanda kwenda Mapendo, kwa sababu mtoto angetaka kula tena.

Ijumaa Masika alisimama kwenye kikundi. Maneno aliyatayarisha tangu nyumbani, na yalikuwa machache: ule mlima uje kwangu. Alijua utakuja, maombi ya hapo yalikuwa yanasikilizwa. Alifungua mdomo. Akaiona barabara ile ambayo yeye naye huipita na nyanya zake kwenda sokoni. Akaona jioni yake, akaona jua linavyoshuka upande wa Sake bila kumngoja mtu.

"Naomba amani kwa inchi yetu," alisema, "na afya kwa batu bote."

"Amina," watu walisema.

"Haya njo maombi mazuri," alisema papa Darius. "Hayasumbue mutu."

Yeye na Julien walirudi kwa chukudu, Masika ameketi mbele juu ya ubao, upepo masikioni. Chini ya Munigi walimkuta mama Perpétue, beseni kichwani, amekunjika hata mkono wake uliokuwa huru uligusa barabara. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Julien alikanyaga breki ili asimgonge.

"Courage, mama."

"Merci, mwanangu."

Masika alimwangalia mpaka akabaki nyuma. Kisha Julien akaondoa mguu, na barabara ikawashukia hadi nyumbani.