Nyumba Isiyoingia Giza

Baada ya chakula cha jioni Agripina alimwosha miguu mjukuu wake Ilinca, akamvalisha gauni la kulalia, kisha akavuta pazia kwa sababu jua lilikuwa linachoma. Kijiji kizima kilikuwa gizani. Ni nyumba yao tu, ua wake na nusu ya banda la kuku vilivyobaki na mchana.

"Lala, mama."

"Sitaki. Lala wewe."

Ilinca alikuwa na miaka miwili na ushee, na kosa halikuwa lake. Pale kijijini, mzazi anayekwenda Italia kutunza wazee wa watu huondoka mtoto akiwa amelala, ili asilie. Wote walifanya hivyo, na Agripina mwenyewe ndiye aliyemshauri binti yake, Viorica, abebe viatu mkononi mpaka kwenye basi. Tangu hapo Ilinca hakutaka kufumba macho, na mpaka afumbe, jua halikutua juu ya paa lao.

Majirani walizoea. Kila jioni Zinovia wa nyumba ya pili alileta kapu la nguo mbichi.

"Usimharakishe, shoga," alisema akibana shuka kwenye kamba. "Mablanketi bado."

Agripina hakucheka. Alikwishajaribu maziwa ya moto, hadithi, na uzi mwekundu mkononi wa kukinga kijicho. Mtoto alisimama kitandani akiyumba, akijifinya asisinzie, na bibi akashikwa na hofu. Akapiga simu Italia.

"Njoo, mwanangu. Huyu atanifia mikononi."

Viorica alipata ruhusa ya siku chache, wakati wa Pasaka. Alikuja na chokoleti na harufu ya dawa za mzee wa watu. Ilinca alimkalia mapajani, akamkodolea macho, na jua halikutikisika muda wote huo. Basi la kurudi lilipofika, dereva alishusha kofia usoni, akasubiri.

"Mama, nisipoondoka leo watamchukua mwingine," Viorica alinong'ona. Kisha akamwambia mtoto, "Lala. Ukiamka utanikuta."

"Kweli?"

"Muulize bibi."

Ilinca akamgeukia bibi yake. Agripina alitazama basi.

"Kweli," alisema.

Mtoto akalala papo hapo. Giza likaishukia nyumba, na Zinovia akakimbilia nguo zake. Agripina ndiye aliyevibandua vidole vya mtoto kwenye sweta ya mama yake, kimoja kimoja, na ndiye aliyempa Viorica viatu avibebe mkononi.

Kabla basi halijafika barabara kuu, jua lilichomoza juu ya paa. Ilinca alikuwa amekaa kitandani. Hakulia.

"Bibi, nikilala, na wewe utaenda?"

Agripina alifunga mlango, akamwekea ufunguo kiganjani. Ilinca aliushika kwa mikono miwili, akabaki amekaa vilevile. Uani, Zinovia alishaanza kuanika tena.