Komeo la Upande wa Ndani

Jengo zima lilimwogopa mwizi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kwa miaka minne kilichopotea ni kandambili moja ya mguu wa kushoto, nayo ilikutwa baadaye chini ya ngazi. Hata hivyo mwenyekiti wa ulinzi, ambaye wote walimwita Kamanda, aligawa filimbi kwa kila nyumba: ikilia, watu watoke na silaha.

Siku moja alimwita fundi makufuli amwekee komeo la tatu kwenye mlango wa mbele. Fundi huyo hakushika bisibisi kabla ya kuuliza swali lake, maana komeo hukaa upande wa anayeogopa.

"Hatari inatokea upande gani, mkuu?"

"Nje! Umewahi kusikia mwizi anayelala ndani?" Kamanda alicheka mpaka kitambi kikatikisika. Fundi naye akacheka. Kazi ni kazi.

Kamanda aliposhuka kukagua geti, mkewe akachungulia kutoka jikoni.

"Fundi, limebaki komeo jingine? Niwekee chumba cha watoto. Kwa ndani."

"Shemeji, mwizi akifika huko, si makomeo yangu matatu yatakuwa yamelala usingizi?"

Mama hakucheka. Fundi akautazama mlango wa chumba hicho, akaukumbuka. Mwaka jana aliuziba tundu mara mbili, na mara zote aliambiwa ni upepo, naye, mtu mzima na akili zake, akaamini kuna upepo unaovaa buti. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akachagua skrubu ndefu kuliko zote sandukuni.

Alikuwa anakaza ya mwisho Kamanda aliporudi.

"Hilo nani kakutuma?"

"Mimi," mkewe akajibu.

Watoto wawili waliingia chini ya meza bila kuambiwa, kila mmoja mahali pake. Kamanda alimkamata mkewe mkono na kuupinda. Fundi hakuwa mtu wa ngumi. Alikuwa na kilo hamsini, ukihesabu na nyundo. Alichoweza ni kuchomoa filimbi ya Kamanda mwenyewe msumarini na kuipuliza mpaka macho yakamtoka.

Milango ikafunguka ghorofa zote. Wakaja na miko, fagio na michi, mmoja na sufuria kichwani. Walikuwa wamemngoja mwizi wao miaka minne!

"Yuko wapi?"

Fundi akanyoosha kidole.

Silaha zikashuka. "Aa," akasema mzee wa ghorofa ya pili, amevunjika moyo kabisa, "kumbe ni mambo ya nyumbani. Umetutisha bure, fundi, tukadhani kuna hatari."

Wanaume wakaanza kushuka ngazi wakinung'unika. Kamanda akatabasamu, mkono wa mkewe ungali kiganjani mwake.

Lakini jirani wa mlango wa pili, mwanamke mshonaji nguo, hakuondoka. Aliingia ndani na mwiko wake, akasimama pua kwa pua na Kamanda.

"Mwachie."

Nyuma yake akaingia mwanamke mwingine na mchi, kisha mwingine, mpaka sebule ikajaa. Kamanda alihesabu michi, akamwachia.

Mshonaji akageuka, akaangalia kwanza kwenye ngazi kama mumewe yupo mbali, ndipo akanong'ona:

"Fundi, makomeo ya ndani umebaki nayo mangapi?"

"Mawili, mama."

Wanawake wakatazamana. Walikuwa saba.